Vyuo vya Wananchi visifundishe nyundo na kuisahau ngoma

Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwakumbusha wasomi wa wakati ule jambo lililowachoma wengi: kwamba walikuwa mabingwa wa rumba na chachacha, lakini ngoma za babu zao hawakuzijua, na wapo walioona haya hata kuzitaja. Miaka 13 baadaye, mwaka 1975, Serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi ili mtu mzima na kijana aliyemaliza shule ya msingi wapate mahali pa kujiendeleza bila ya kuuhama utu wao wa kijijini.

Mambo haya mawili ni nadra kutajwa pamoja, ingawa ni matunda ya mti mmoja. La kwanza lilitaka Mtanzania ajitambue. La pili lilitaka ajitegemee. Mtu asiyejitambua hawezi kujitegemea, maana hana nafsi ya kuitegemea. Kwa hiyo si haki, wala si busara, kuviacha vyuo hivi vifundishe mikono peke yake na kuisahau roho inayoituma mikono hiyo.

Hivi leo vyuo hivyo ni 54 nchini kote, na viko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkoani Kigoma vipo katika miji ya Kasulu na Kibondo, na katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji kipo chuo cha VETA. Ndani ya vyuo vya namna hii vijana hujifunza useremala, uashi, ushonaji, umeme, ufundi wa magari, kilimo, mifugo na mapishi. Hiyo ni kazi njema, na kila mpenda maendeleo hana budi kuisifu. Lakini swali linabaki, nalo linawahusu walimu na watumishi wa umma kuliko watu wengine wote: kijana huyu aliyepewa nyundo, cherehani na koleo, nani amempa nafasi ya kuimba, kucheza, kuigiza, kuchora na kuchonga? Na kama hakuna aliyempa, je, ni kwa sababu nafasi hiyo haina faida, au ni kwa sababu wenye dhamana wamezoea kuidharau?

NGOMA YA KUMLAKI MGENI

Ipo desturi iliyoota mizizi katika vyuo na shule nyingi. Panapotangazwa kwamba Mwenge wa Uhuru utapita, au kwamba mgeni rasmi atafika kwenye mahafali, wanafunzi huitwa haraka wakatengeneze ngoma. Hufanya mazoezi siku kumi au kumi na tano, hutafutiwa vitenge vya sare, na siku yenyewe hupewa dakika tano. Mgeni akishaketi, ngoma huambiwa inyamaze ili shughuli ianze. Yaani ngoma si shughuli. Ni kelele ya kutangulia shughuli. Siku inayofuata vitenge hurudishwa stoo, na ngoma hutundikwa ukutani kungojea mgeni mwingine.

Huko si kuuenzi utamaduni, ni kuufanya mtumishi wa itifaki. Kijana aliyepitia mazoezi hayo hajifunzi ngoma ile ilitoka wapi, ilichezwa wakati wa mavuno au wa harusi, maneno yake yana maana gani na kwa nini wanawake huanza na wanaume wakafuata. Hujifunza jambo moja tu: kwamba sanaa yake ni pambo la mkubwa. Kasumba ya ukoloni ilikuwa na somo hilo hilo. Tofauti ni kwamba zamani aliyekuwa akipambiwa ni Bwana Shauri.

Watetezi wa hali hii husema kwamba vyuo vya wananchi vilianzishwa kwa ajili ya ufundi, na kwamba sanaa ni kazi ya vyuo vya sanaa. Kauli hiyo haina msingi katika historia. Mfano wa vyuo hivi uliletwa kutoka Sweden, ambako vilianza mwaka 1868, na Sweden nayo iliuchukua kutoka Denmark, ambako chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa katika mji wa Rødding mwaka 1844. Aliyeyatoa mawazo hayo, N.F.S. Grundtvig, alikuwa mchungaji na mshairi aliyetunga nyimbo nyingi za dini. Yeye aliamini kwamba mkulima wa Denmark, aliyedharauliwa na wasomi wa kilatini, angeinuka kama angepewa historia yake, lugha yake na nyimbo zake. Katika vyuo hivyo siku ya masomo ilianza kwa kuimba. Hata leo vyuo vingi vya wananchi huko Sweden vina kozi za muziki, uchoraji, ufumaji na uigizaji, na havioni aibu kuziweka sambamba na kozi nyingine.

Wananchi wa nchi hii basi wana haki ya kuuliza: wakati mbegu hiyo ilipovushwa kuja Tanzania, mbona nyundo ilifika na wimbo ukabaki njiani?

HAZINA YA UJIJI

Hakuna mahali ambapo swali hilo lina uzito kama Kigoma na Ujiji. Ujiji ni mji wa kale. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mwanzo wa njia ya majini iliyovuka ziwa Tanganyika kwenda Manyema. Njia hiyo ilibeba pembe za ndovu na, kwa msiba mkubwa wa Afrika, ilibeba watumwa. Lakini ilibeba pia lugha, mavazi, mapishi, dini, ala na nyimbo. Ndiyo maana Kiswahili kilivuka ziwa kikaingia Kongo kabla ya dola la mkoloni kuwa na nguvu huko, na ndiyo maana Ujiji hadi leo kuna Waha, Wamanyema, Wabwari, Wabembe na watu wenye asili ya pwani wanaoishi mtaa mmoja, wakisoma maulidi pamoja na kuchezesha ngoma za harusi zenye midundo ya pande zote mbili za maji.

Juu kidogo, katika nyanda za Buha, kuna utamaduni mwingine. Waha walikuwa maarufu kwa ufuaji wa chuma. Majembe yao yalisafiri mbali kuliko wenyewe. Wana ngoma zao, utani wao, methali zao na ususi wao. Pembeni mwa ziwa, katika fukwe za Ujiji na Kibirizi, mafundi bado wanaunda mitumbwi na maboti ya mbao kwa jicho na shoka, bila ya mchoro wa karatasi, kisha huyapaka rangi na kuyaandika majina yanayomchekesha na kumfikirisha msomaji. Mwenye macho ataona kwamba pale ufukweni kuna chuo kamili cha uchongaji, hesabu, uchoraji na ushairi, ambacho hakina mwalimu mkuu wala usajili.

Je, mwanafunzi wa useremala wa Kasulu amewahi kupelekwa japo wiki moja kwa mafundi hao? Mwanafunzi wa ushonaji amewahi kuulizwa rangi na nakshi za mavazi ya bibi yake zilikuwa na maana gani, ili azitie katika kazi yake badala ya kuiga picha za magazeti ya ng'ambo? Mafunzo yanayompita fundi bingwa jirani na kwenda kutafuta mfano kitabuni ni mafunzo yanayovuka mto kutafuta maji.

Ipo hazina nyingine ambayo wageni huilipia nauli kutoka mbali, na wenyeji huipita bila ya kuitazama. Ni makumbusho ya Ujiji, mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Kila mtoto wa shule ameambiwa habari ya Wazungu hao wawili kuvuliana kofia chini ya mwembe. Ni wachache walioambiwa kwamba aliyetangulia kumlaki Stanley alikuwa Mwafrika, Susi, mtumishi wa Livingstone. Na kwamba Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mwenzake Chuma walikuwa mbele katika msafara wa Waafrika ulioubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, ambako ulifika mwaka 1874. Safari ile ya miezi mingi, penye njaa, maradhi na hofu, ni tamthilia iliyokwisha kuandikwa na historia yenyewe. Inangoja waigizaji. Waigizaji hao wangeweza kuwa wanafunzi wa Kasulu, Kibondo na VETA Kigoma, wakiigiza pale pale Ujiji, mbele ya wananchi na wageni, na kuirudisha historia mikononi mwa wenye nchi.

KUKIMBILIA DAR ES SALAAM

Wapo watakaosema kwamba sanaa haina ajira. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu mkoa mwingine, si Kigoma. Wanamuziki wanaojulikana kuliko wote nchini, na wengine wanaojulikana Afrika nzima, ni wenye asili ya Kigoma. Ali Kiba na Diamond Platnumz ni majina yasiyohitaji kuelezwa. Mwaka 2012 wasanii wa asili hiyo walipokutana kwa jina la Kigoma All Stars na kurekodi wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite, nchi nzima ilistaajabu kuona mkoa mmoja una vipaji vingi kiasi hicho.

Lakini jambo la kutafakari ni hili: wengi wa wasanii hao walizaliwa, au walikulia, au walipatia nafasi Dar es Salaam. Damu ni ya Kigoma, jukwaa si la Kigoma. Hii ina maana kwamba kwa kila kijana aliyefika Kariakoo au Tandale akakutana na studio, wapo wenzake waliobaki Gungu, Mwandiga, Heru Juu na Kakonko, wenye sauti kama yake, ambao hawakukutana na chochote. Tangu mwaka 1914 reli ya kati ilipofika Kigoma, mkoa huu umekuwa ukipakia mabehewani mali ghafi na nguvu kazi. Sasa unapakia na vipaji. Uchumi unaouza mbegu na kununua unga unafahamika kuwa ni uchumi wa kinyonge. Utamaduni unaofanya hivyo nao ni wa kinyonge.

Aidha, si kila mwenye kipaji lazima awe nyota. Hilo ni kosa jingine la fikra, kuipima sanaa kwa mtu mmoja aliyetajirika. Seremala anayejua kuchonga nakshi huuza mlango wake kwa bei nzuri kuliko anayejua kupiga misumari tu. Mshonaji anayeweza kubuni hashindani na mitumba kwa bei, hushindana kwa sura. Kijana aliyezoea jukwaa haogopi kusimama katika mkutano wa kijiji na kumwuliza mwenyekiti habari za fedha za zahanati. Sanaa huzaa mafundi bora, na huzaa raia bora.

SANAA NI CHOMBO CHA KAZI

Taifa hili lina uzoefu wa kutosha wa kuitumia sanaa kama chombo cha maendeleo. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera ikawa silaha ya kuelezea siasa ya Ujamaa, na walimu wa miaka ile waliifikisha hadi shule za vijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji wakayatafuta matatizo yao, yakiwamo ya vijana kukosa kazi na wasichana kupata mimba, kisha wanakijiji wenyewe wakayaweka matatizo hayo katika ngoma na maigizo na kuyajadili hadharani. Mwaka 1996 wasomi hao waliuanzisha mradi wa Tuseme, ambao uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyasema kwa maigizo yale ambayo hawakuthubutu kuyasema ofisini kwa mkuu wa shule.

Mafunzo ya Malya na Tuseme yanavifaa vyuo vya wananchi kama ala inavyoifaa upanga wake. Katika vyuo hivi wamo mama vijana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito na ambao, kwa mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, wamerudi kusoma. Wamo pia wasichana wanaocheza kandanda chini ya mpango wa Mpira Fursa. Ikiwa mpira umewezekana, na umewapa wasichana ujasiri, ni sababu gani inayozuia jukwaa? Mama kijana aliyebeba aibu ya kijiji kizima ana la kusema. Akilisema kwa igizo, kijiji kitalisikia bila ya kukasirika.

Zipo na haja nyingine zinazogusa tumbo. Mwaka 2024 Serikali ilizisimamisha shughuli za uvuvi katika ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima, lakini hekima isiyoelezwa huonekana kama adhabu. Barua ya halmashauri iliyobandikwa mbaoni husomwa na wachache. Kikundi cha wanafunzi kikipita mwalo kwa mwalo na igizo lenye utani wa wavuvi wenyewe kitafanya kazi ambayo barua mia moja haziwezi.

YA KUTENDA

Lawama bila ya mapendekezo ni mzigo juu ya mzigo. Mambo manne yanawezekana, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja msaada kutoka nje.

Kwanza, kila chuo kiiweke sanaa katika ratiba ya wiki, kwa saa zinazojulikana, kama zilivyo saa za karakana. Walimu wa kuianza kazi wapo. Wakufunzi na wanachuo wa vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga wako jirani, na wazee wenye ujuzi wa ngoma, ususi, ufinyanzi na uundaji wa maboti wako vijijini. Mzee anayealikwa kufundisha alipwe posho kama anavyolipwa fundi yeyote mwalikwa. Asipewe soda na shukrani.

Pili, liwepo tamasha la kila mwaka la vyuo vya Kigoma, ambalo lifanyike Ujiji. Shule za msingi zina UMITASHUMTA na za sekondari zina UMISSETA, na humo ngoma na kwaya zimepata mahali. Mwanachuo wa chuo cha wananchi yuko kati ya shule na maisha. Ujiji ina ufukwe, ina makumbusho, ina historia. Bagamoyo ilianza tamasha lake la sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Chuo cha Sanaa kilipokuwa kichanga, na nchi ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi. Kama Bagamoyo iliweza katika dhiki ile, Ujiji, ambayo ni ncha ya pili ya njia ile ile ya misafara, haina udhuru.

Tatu, maofisa utamaduni wa wilaya na manispaa watoke ofisini. Baraza la Sanaa la Taifa limekuwapo kwa sheria ya mwaka 1984. Chuo cha Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, hupokea vijana wa nchi nzima. Upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii. Zipo fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambazo asilimia 4 ni za vijana, 4 za wanawake na 2 za watu wenye ulemavu. Fursa ambayo kijana wa Kibondo hajaambiwa si fursa kwake, ni habari ya watu wengine. Ofisa utamaduni ambaye hajakanyaga chuo kilichomo wilayani mwake kwa mwaka mzima ajiulize mshahara wake unalipwa kwa kazi gani.

Nne, milango ya makumbusho ya Ujiji ifunguliwe kwa wanachuo kama watendaji, si kama watazamaji. Wapewe nafasi ya kuonyesha na kuuza kazi za mikono yao, kuwasimulia wageni historia ya mji kwa upande wa wenyeji, na kuigiza ile safari ya Chuma na Susi.

Itasemwa kwamba bajeti haitoshi. Ni kweli kwamba vyuo hivi vilipitia miaka mingi ya shida, na vingi vilichakaa kabla ya Serikali kuanza kuvikarabati. Lakini ngoma haili umeme, igizo halihitaji mashine kutoka ng'ambo, na mwembe wa Ujiji hautozi kodi ya ukumbi. Kinachopungua ni imani ya wenye dhamana kwamba kijana wa chuo cha wananchi ni mtu kamili, mwenye akili ya kubuni na moyo wa kufurahi, si jozi ya mikono inayotayarishwa kuajiriwa.

Mtaala mpya wa elimu, ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, umeutambua mkondo wa amali, na ndani yake fani za sanaa zimehesabiwa kuwa kazi kama kazi nyingine. Shule zimekwisha kuelekezwa njia. Itakuwa ajabu vyuo vya wananchi, vilivyoitangulia sera hiyo kwa karibu nusu karne, viwe vya mwisho kuifuata. Walimu na watumishi wa Kigoma wanao uwezo wa kulizuia jambo hilo lisitokee. Waanze na ratiba ya muhula ujao: waandike ndani yake saa mbili za sanaa kila wiki, na wazilinde saa hizo kama wanavyolinda saa za mtihani.